Ukuta wa Ghala la Chumvi

Nyumbani, 4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, mume wangu mzima, mimi ninaogopa. Sitaki kuzunguka mbuyu mpaka mwisho wa ukurasa ndipo nikwambie. Naogopa nyumba ya Babu itamwangukia Shangazi.

Najua umeshacheka. Cheka umalize, halafu endelea kusoma.

Unaukumbuka ukuta wa nyuma, ule wa ghalani, ulivyokuwa ukitoa jasho kila mvua ikikaribia? Babu aliuamini kuliko redio. Ukilowa tu, aliwaita wachukuzi wayainue magunia ya chumvi yakae juu ya mbao. Basi tangu ulipomtuma fundi mwaka jana akaupiga sementi na kuupaka ile rangi ya mafuta, jasho limekoma. Sote tulishangilia. Lakini sasa rangi imevimba malengelenge. Juzi nililibonyeza moja kwa kidole, na kidole kikazama. Nyuma ya rangi hakuna tofali tena, kaka, kuna unga mbichi.

Tena kuna sauti. Nikikaa kwenye ngazi nasikia kitu kinamiminika ndani ya ukuta, shwaa, kinanyamaza, halafu shwaa tena, kama mtu anayepepeta mchele na hataki kusikika. Mchana kweupe, nywele zilinisimama. Nikamuuliza Shangazi, "Unasikia?" Akanijibu, "Nakusikia wewe na kelele zako." Akashika fimbo yake, akapanda juu.

Hataki kutoka. Nimembembeleza aje kwetu, akae kile chumba kilicho nyuma ya cherehani za mume wangu. Jibu lake unalijua tangu tukiwa wadogo: chumvi hailali peke yake, mlinzi hulala ilipo chumvi. Biashara ilikufa zamani, lakini lile gunia la mwisho la Babu bado liko ghalani, na kwa Shangazi gunia moja ni ghala zima. Mimi nikisema, ananiona mtoto. Wewe ndiye uliyekalia nafasi ya Baba, na neno lako halipingi. Mwandikie mstari mmoja tu: Shangazi, toka.

Watu wa baraza la mji walikuja kupima mahali pa kupigilia kile kibao cha nyumba ya kihistoria. Walijaribu msumari. Kila nyundo ilipolia nilifumba macho.

Mdogo wako,
Kengele


Shuleni, 19 Machi

Kengele wangu,

Marahaba. Jina hilo hatukukupa bure. Ni wewe uliyetoa mtaa mzima nje ukipiga yowe la moto, na moto wenyewe ulikuwa mwezi unachomoza. Naona umri haujakutibu.

Usitie chumvi, hata kama ndiyo biashara yetu. Nyumba ile imesimama tangu kabla Baba hajazaliwa. Nimekuwa nikiiandikia historia yake kwa ajili ya baraza, na kila ninapoiandika kifua kinanijaa. Babu alianza akipima chumvi kwa kibaba pale mlangoni, amekaa chini kwenye gunia tupu. Alipopata nguvu akajenga: chini ghala na duka, juu makazi, na ule ukumbi ambamo wafanyabiashara wa miji ya mbali walibishana bei huku Bibi akiwatilia chai mpaka wanachoka kubisha. Nimeandika hivi: "Magunia yaliegemezwa ukuta wa nyuma mpaka darini, mwaka hadi mwaka, na ukuta haukutikisika." Sentensi hiyo naipenda. Jirani zetu wote wamebomoa wakajenga maduka ya vioo. Sisi tu ndio tumebaki.

Sherehe ni mwisho wa Mei. Mwenyekiti wa baraza atapanda ukumbini pamoja na wageni wote, na watoto wa shule wataimba humo humo juu, maana sauti inapendeza chini ya boriti zile. Niambie jina la mti wa boriti, na unipimie unene wa ukuta.

Malengelenge ni rangi mbovu, fundi alitupunja. Kuhusu sauti, ni panya. Na kuhusu Shangazi kutoka, nivumilie nikisema hili, mimi si mtu wa kuficha. Nakumbuka shemeji aliwahi kuuliza mezani kiwanja kile kingeuzwaje kama kingekuwa kitupu. Labda ulikuwa utani. Lakini nyumba ikibaki bila mtu, kila mwenye tamaa ataiona tupu.

Nimemwandikia Shangazi leo hii pia.

Kaka yako


Shuleni, 19 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua maumivu.

Nasikia kuna watu wanakusumbua uhame. Shangazi, usikubali. Bila wewe nyumba ile ni matofali tu. Nimeeleza katika historia yangu kwamba toka siku ya kwanza haijawahi kukosa mtu wa kwetu ndani yake, na kwamba wewe umeilinda peke yako tangu Baba alipotutoka. Mwenyekiti aliposoma hapo alitikisa kichwa kwa heshima.

Siku ya sherehe utakaa juu ukumbini kwenye kiti cha Babu, umeegemea ukuta wa nyuma, wageni waje kukushika mkono mmoja mmoja. Nataka wakuone hapo hapo ulipo. Kaza roho kama kawaida yako.

Mwanao


Nyumbani, 1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimepata, nimeisoma mwenyewe, miwani bado inafanya kazi.

Umesema nisitoke, nimesikia. Sijatoka. Waambie hao wa baraza chai itakuwepo, na vikombe vya Bibi yako nimeviosha.

Mimi sijambo. Nimekisogeza kitanda changu mpaka karibu na mlango, juu ya ngazi, kwa sababu ya hewa. Mlango wenyewe siufungi siku hizi, mbao zimevimba na ukishafunga unakuwa mgumu kufungua. Chakula nakula nje barazani, kuna mwanga mzuri. Ghalani naingia asubuhi mara moja, naliona gunia, natoka.

Mdogo wako ni mwoga, unamjua, usimkasirikie. Mume wake ni mtu mwema. Anakuja kila jioni kunitengenezea taa na hajawahi kuniuliza habari ya kiwanja.

Ninalo swali dogo. Hao watoto wa shule ni lazima wapande juu wote? Wangeweza kuimbia uani. Watoto hurukaruka wakiimba. Na kile kiti cha Babu ni kizito, pengine kikae chini mlangoni, wageni wanione wakiingia. Ukiona vibaya, basi, kitabaki juu.

Niandikie tena ukipata nafasi. Barua zako nazisubiri.

Shangazi yako


Nyumbani, 5 Aprili

Kaka,

Umenimaliza. Nilikuomba umwambie toka, ukamwambia kaza roho! Alinisomea barua yako neno kwa neno, kisha akaikunja akaitia kifuani. Nilidhani atanikoga kwamba ameshinda. Hakunikoga.

Kuhusu mume wangu, siku ile mezani alikuwa anakutania wewe, kwa sababu ulikuwa umejisifia nyumba tangu supu mpaka matunda. Sikumwonyesha barua yako. Ningemwonyesha angecheka, na mimi ningelia.

Mvua zimeanza. Panya wako kaka wana nguvu sana, maana wamepasua ukuta kutoka sakafuni hadi dirishani, na ufa unaingia kiganja. Ulitaka unene wa ukuta? Kwa nje ni mnene kama zamani. Kwa ndani sijui, kila siku unapungua. Asubuhi nakuta virundo vya unga vimejipanga sakafuni kando ya ukuta, Shangazi anavifagia kabla sijafika na kujifanya hakuna kitu. Nimemkuta na ufagio. Tukatazamana. Akasema, "Vumbi." Nikasema, "Ndiyo Shangazi, vumbi." Nikatoka nje.

Boriti ya ukumbi imechomoka kidogo mahali inapokaa ukutani. Ukisimama chini unaona kipande cha mbao cheupe ambacho hakijawahi kuona mwanga.

Hutaki kuniamini mimi, basi mwamini shahidi huyu ninayekutumia. Ndani ya kifurushi hiki nimekufungia kipande cha tofali kutoka ukuta wa Babu, nimekiokota mwenyewe, kilikuwa kigumu kiasi nilipokifunga. Kishike mwenyewe.

Mimi nikiingia mle ndani kumpelekea chakula, namwacha mwanangu wa mwisho kwa jirani. Nimwache ili iweje, unadhani?

Kengele


Nyumbani, 17 Aprili

Kaka,

Ametoka! Amelala hapa kwetu, nyuma ya cherehani, na sasa hivi nasikia anamkaripia mume wangu kwa kushona vifungo vibaya.

Nikwambie tulivyofanya, maana nimeiba. Asubuhi mvua ilipokatika niliona ule ufa umefika darini. Nikasema sasa liwalo na liwe. Nilimwita mume wangu, tukaingia ghalani tukalibeba gunia la chumvi. Lilikuwa limeganda kama jiwe, likatuchuna mikono. Tulipotokeza nalo barazani Shangazi aliacha kijiko. "Mnalipeleka wapi?" Nikamwambia, "Kwetu. Na wewe umesema mlinzi hulala ilipo chumvi." Kaka, nilijua atanipiga kwa ile fimbo. Alituita wezi, wahuni, watoto tusio na malezi. Lakini alikuwa anatufuata. Alitutukana mtaa mzima, mbele ya maduka yote ya vioo, watu wakatoka kutazama, na mimi machozi yananitoka huku nacheka. Mume wangu aliniambia chini chini, "Usisimame. Akitutukana tu, twende." Tulipoliweka gunia chumbani akaketi juu yake, akaomba maji.

Hajauliza lini tunarudi. Nilijiandaa kwa maneno yote, hajauliza.

Dawa zake za presha zimesahaulika kule juu ukumbini. Kesho asubuhi nitapita kuzichukua na kufunga mlango wa mbele kwa kufuli, watoto wa mtaa wasiingie kucheza. Naingia natoka. Usiwe na wasiwasi, nimechoka kukupa wasiwasi.

Kengele


Shuleni, 18 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepiga telegramu sasa hivi. Nimeandika hivi: TOKENI WOTE LEO. SHANGAZI TOKA. SHEREHE IMEFUTWA. Karani wa posta ameniambia laini ya huko inasumbua kwa sababu ya mvua, kwa hiyo naandika na hii, yoyote itakayotangulia.

Kifurushi chako kilichelewa. Kimefika leo kikiwa kimelowa kwa nje, na mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama nimetumiwa samaki. Nilipokifungua hapakuwa na tofali. Palikuwa na tope. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole, sijui kwa nini, nikakionja.

Chumvi tupu, Kengele.

Niliketi. Nikaisoma tena ile sentensi yangu niliyoipenda, ya magunia kuegemezwa ukuta wa nyuma mpaka darini mwaka hadi mwaka. Nafundisha jiografia. Nafundisha jinsi chumvi na maji vinavyovunja mwamba, nachora ubaoni kwa chaki, na sikuwahi kufikiri kwamba ndivyo tulivyoufanyia ukuta wetu. Miaka yote ile ulikuwa unakunywa. Ulipokuwa ukitoa jasho, ndiyo ulikuwa unajiokoa, unayatoa maji nje. Kisha nikaja mimi na sementi na rangi ya mafuta nikayafungia ndani, nikapiga picha, nikaiweka mezani kwangu.

Naogopa. Nimekaa hapa mbele ya wanafunzi nimewapa insha waandike ili nipate kukuandikia. Usiingie tena mle ndani kwa ajili ya kitu chochote. Sikio la mtu mmoja likinisikia leo, liwe lako. Mtoe Shangazi hata kwa kumbeba. Mwambie nimesema mimi.

Na umwombe shemeji msamaha kwa niaba yangu, hata kama hajui kosa lenyewe.

Kaka yako


TELEGRAMU, 19 Aprili

UKUTA WA NYUMA ULIANGUKA JANA ASUBUHI. MKE WANGU ALIKUWA NDANI. AMEFUKULIWA HAI. MKONO UMEVUNJIKA. SHANGAZI YUKO KWETU. YAKO IMEFIKA LEO. SHEMEJI


Shuleni, 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mvua zimeharibu daraja la kuja huko, bado halipitiki, na mabasi yanageuzia njiani. Nilikwenda kituoni nikarudishwa, nikaenda tena. Nitakuja mara litakapofunguliwa. Mpaka sasa nikisikia mlango unafungwa kwa nguvu nashtuka. Kila siku nauona mkono wa mdogo wangu ukitokeza kwenye kifusi, ingawa sikuuona.

Nataka kukupa habari ya kukufariji. Baraza limeniandikia. Upande wa mbele umesimama, duka na chumba chako cha juu havijaguswa, na wako tayari kutusaidia kuujenga ukuta wa nyuma upya, safari hii kwa utaratibu. Kibao kitapigiliwa. Nimewajibu kwamba ndiyo.

Najua ulivyo na nyumba ile. Najua kukaa kwa watu, nyuma ya cherehani, kunakukata maini. Nakuahidi kwa kauli yangu kama mkubwa wa nyumba hii: kabla ya mwaka kwisha utarudi chumbani kwako na gunia lako, na hakuna atakayekutoa tena. Kila kitu kitakuwa kama zamani.

Mwanao


Kwa mdogo wako, 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Naandika mimi kwa sababu mkono wa mdogo wako umefungwa plasta. Ameketi hapa, anataka kuchungulia, nimemfukuza.

Siku ile nilikuwa hapa dirishani. Sikusikia kishindo kama watu wanavyosema. Nilisikia ile shwaa, ila haikunyamaza. Nilijua. Nilifika pale kabla ya vijana wote wa mtaa, fimbo nimeiacha, mguu huu mnaouonea huruma ulikimbia. Tulimchimbua kwa mikono. Alikuwa ameshika chupa ya dawa zangu. Nilimpiga kofi, kisha nikamkumbatia.

Sasa sikiliza, maana nitalisema mara moja.

Nyumba ile nimeiogopa tangu baba yako alipofariki. Nilianza kuusikia ukuta kabla Kengele hajausikia, wewe ukiwa bado unasoma. Mara ya kwanza kuhamisha kitanda ilikuwa zamani hizo. Nikakisogeza, nikakisogeza, mpaka kikafika kwenye ngazi na hapakuwa na pa kusogeza tena. Mvua ikinyesha nilikuwa nakaa na viatu miguuni. Unga nilikuwa nafagia kwa sababu nikiuona natetemeka.

Ninyi mlikuwa mkisema Shangazi hataki kutoka. Kengele aliniambia toka, ndiyo, lakini Kengele nilimfunga mimi nepi, nitamtii vipi? Mwenye kauli hakusema. Babu yako alinikabidhi ghala, baba yako akaniambia niendelee, akafa bila kuniambia basi. Nikabaki. Ningekwenda wapi, watu waseme nimelitupa jina la baba yangu?

Ile barua yako ya Machi nilikaa nayo mapajani muda kabla ya kuifungua. Nilijua mdogo wako amekuandikia. Nikasema moyoni, leo mtoto wa kaka yangu ananitoa. Nikavaa na khanga ya kutokea. Nikafungua, ukaniandikia habari ya kiti.

Na lile gunia, msidhani mlinihadaa. Nilipowaona wanatoka nalo nilitukana kwa sababu mtaa ulikuwa unatazama. Huku natukana nilikuwa naomba Mungu wasije wakachoka wakaliweka chini.

Hapa nyuma ya cherehani nalala. Mashine zinalia, watoto wanapiga kelele, mkwe wetu hajui kushona vifungo, nami nalala mpaka jua linanikuta kitandani, jambo ambalo sijui kama niliwahi kulifanya nikiwa mtu mzima. Mdogo wako anadhani naumwa, anakuja kunigusa paji la uso.

Jenga, mwanangu. Wekeni kibao, andikeni historia, waimbe na hao watoto, lakini uani. Mwenyekiti akiuliza mlinzi yuko wapi, mwambie mlinzi alikuwa mwanamke na aliogopa.

Umeniahidi kwa kauli yako kwamba nitarudi. Kauli yako sijawahi kuipinga, wala ya baba yako, wala ya babu yako. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujaja, ili usije ukaisema mbele yangu nikashindwa kukataa.

Usinirudishe.

Shangazi yako